Fanfiki Kenya: Ukiandika Sehemu ya Pili ya Story ya Mwenyewe, Ni Upendo Ama Ni Wizi?

Tuseme wewe ni mwandishi wa mtaa. Uko zako Murera, hapo kati ya Ruiru na Juja, stima imerudi na simu iko na chaji. Umesoma *Kigogo* ya Pauline Kea mara ya tatu na swali moja limekukalia kichwani: baada ya pazia kufungwa, Tunu alifanyia Sagamoyo nini? Basi unaanza kuandika. Episodi ya kwanza unatuma kwa grupu ya WhatsApp ya mabeste. Kufika ya tano, watu hawakupi amani, wanataka ingine. Ya kumi unawaambia, "Wasee, ya leo ni mbao, tuma M-Pesa."

Hapo ndio noma inaanzia. Hiyo story ni yako ama ni ya Pauline Kea? Na hiyo mbao ni jasho lako ama ni la mwenyewe?

Jibu fupi ni hili: kupenda story ya mtu hakukufanyi mwizi, na pia hakukupi title deed. Sheria na utu zinauliza vitu vitatu tu. Umechukua nini? Umepeleka wapi? Na nani anaumia? Jibu refu ndilo hili hapa, pole pole.

Fanfiki ni nini?

Ni hadithi ambayo shabiki anaandika akitumia wahusika, mahali ama matukio ya kazi ya mtu mwingine. Inaweza kuwa mwendelezo, inaweza kuwa mwisho tofauti, inaweza kuwa story ile ile ikisimuliwa na mtu ambaye kwa kitabu alikuwa anapita tu. Wengi huziweka Wattpad, Facebook, Telegram na kwa magrupu ya WhatsApp, kipande kwa kipande.

Usidhani ni kitu ya wazungu. Hapa kwetu imekuwa kitambo, ni jina tu hatukuwa nalo.

Cheki Shaaban Robert. *Adili na Nduguze*, kitabu ambacho wazazi wetu walisoma shule, kimejengwa juu ya kisa cha *Alfu Lela Ulela*, kile cha Abdalla bin Fadhili na ndugu zake. Alichukua mifupa ya zamani akaivalisha nyama ya Kiswahili.

Cheki pia Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mpelelezi wake Bwana Msa, mzee wa kiko na akili nyingi, alizaliwa kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58. Ukisoma unaona kabisa kivuli cha Sherlock Holmes, mpaka yule rafiki wa kuandamana naye, Najum. Lakini Bwana Msa si Holmes aliyevalishwa kofia. Anaongea kama mtu wa Unguja, anafikiria kama mtu wa Unguja, na kesi zake ni za Unguja. Shika huu mfano, tutaurudia.

Halafu kuna Makmende. Machi 2010, Just A Band walitoa video ya *Ha-He*, na ndani yake kuna jamaa wa afro anayechapa mabadi kama muvi za miaka ya sabini. Wakenya wakachizi. Mafans wakamtungia vijisa, wakamchora kwa noti za pesa, wakamweka kwa jalada za magazeti makubwa ya ng'ambo. Na jina lenyewe lilikuwa la mtaa tangu zamani: watoto wa mtaa waliharibu kauli ya Clint Eastwood kwa muvi ya 1983, *Sudden Impact*, ikageuka jina la mtu anayejiona stelingi. Kwa hivyo mafans walitunga juu ya bendi, na bendi ilikuwa imetunga juu ya mtaa, na mtaa ulikuwa umetunga juu ya Hollywood. Hakuna aliyelia kuibiwa, na Makmende akazidi kuwa mkubwa.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Mambo ya hakimiliki Kenya yako chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na msimamizi ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Katiba yenyewe, kifungu cha 40, inaambia serikali ilinde mali ya ubunifu ya Wakenya. Na usifikirie Harry Potter hana mwenyewe huku: Kenya iliingia Mkataba wa Berne mwaka wa 1993, kwa hivyo kazi za nje zinalindwa hapa kama za kwetu.

Mwenye kazi ndiye ana haki ya kunakili, kutafsiri, kugeuza kuwa umbo lingine, kusambaza na kuuza. Neno la kuangalia hapo ni *kugeuza*. Ukichukua mchezo wa kuigiza wa mtu ukaufanya riwaya, ama ukaendeleza story yake kwa kutumia wahusika wake walivyo, unakaribia sana haki yake hiyo.

Lakini kuna upande wa pili. Sheria hailindi wazo tupu. Hakuna mtu anamiliki "msichana jasiri anapambana na kiongozi mbaya". Hakuna mtu anamiliki "mpelelezi mwerevu na rafiki yake". Kinacholindwa ni vile mtu ameliandika hilo wazo: maneno yake, matukio yake na mpangilio wake, na mhusika aliyechorwa akachoreka. Ndio maana Muhammed Said Abdulla alikuwa salama. Alichukua wazo la mpelelezi, akaacha maneno na maisha ya Holmes kwa mwenyewe.

Sheria pia imeacha milango michache wazi, kama utaitumia kwa haki: utafiti, matumizi ya kibinafsi, uhakiki na kuripoti habari, na umtaje mwenye kazi. Fanfiki haiko kwa hiyo orodha kwa jina. Ukiandika kwa daftari lako usome na beshte wako, hiyo ni ya kibinafsi. Ukiweka kwa grupu ya watu 200, kusema ni ya kibinafsi inakuwa ngumu. Ukiitisha mbao, inakuwa ngumu zaidi.

Na hata ukitoa bure, kuna haki ingine ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 32 kinampa mwandishi haki ya kutambuliwa kama mwenye kazi, na haki ya kukataa kazi yake ikipotoshwa kwa njia inayoharibu heshima yake. Haki hii haiuzwi akiwa hai. Hata kama mchapishaji ndiye ameshika haki za kuuza, mwandishi mwenyewe bado anaweza kusimama aseme, "Hapo umenivunjia heshima."

Kwani naweza shikwa?

Njia ya kawaida si karao kukugongea mlango saa tisa usiku. Kwanza mwenye kazi anaweza kuomba story itolewe. Marekebisho ya 2019 yaliweka utaratibu: analalamika kwa maandishi kwa kampuni ya huduma ya intaneti, na kampuni ina saa 48 za kazi kufunga hiyo kitu, isipokuwa wewe umejibu kwa notisi yako ya kupinga. Na mtu akitumia hiyo njia kwa uongo, ni yeye amekosa.

Pili, anaweza kukupeleka kortini akitaka uzuiwe, akitaka fidia, ama akitaka pesa yenye ulitengeneza. Tatu, kutengeneza nakala haramu za kuuza, ukijua ni haramu, kunaweza kuwa kosa la jinai lenye faini ama jela. Kwa hivyo ile hatua ya kutoka bure hadi mbao si ndogo.

Sasa utu. Nani anaumia?

Hapa tumwangalie John Kiriamiti. Mwaka wa 1984 alitoa *My Life in Crime*, na kila mtu akamjua Jack Zollo. Miaka mitano baadaye, 1989, akatoa *My Life with a Criminal: Milly's Story*. Mambo ni ya ulimwengu ule ule, lakini sasa msimulizi ni Milly, yule mwanamke aliyependa mhalifu.

Hiyo ndiyo kitu fani mkali angefikiria kwanza. "Milly naye alikuwa anaona aje?" Sasa tuseme kuna fani alikimbia mbele mwaka wa 1986, akaandika story ya Milly na kuiuza stendi ya Thika. Kiriamiti angetoa yake 1989 akute watu washaisoma ya mwingine. Huyo fani hangekuwa amechukua kitabu kilichoandikwa. Angekuwa amechukua kitabu kilichokuwa bado kwa kichwa cha mwenyewe. Mhusika ni kama ng'ombe wa maziwa. Mwenyewe amekama asubuhi, haimaanishi jioni ni zamu yako.

Sasa geuza shilingi. Huyo fani angeandika Milly wake bure, akasema wazi "hii ni yangu mimi shabiki, kitabu halisi ni cha Kiriamiti," pengine watu wangetafuta kitabu halisi. Shabiki anaweza kuwa matangazo ya bure, vile ilitokea na Makmende. Tofauti ni kama umesimama kando ya mwenyewe ukimshangilia ama umesimama mbele ya duka lake ukiuza.

Waandishi wenyewe hawakubaliani. J. K. Rowling aliachia mafans waandike, mradi wasiuze. Anne Rice, yule wa hadithi za mavampaya, alikataa kabisa, na hadithi nyingi zikatolewa mtandaoni. Kwa hivyo kabla uandike juu ya mtu aliye hai, uliza ama utafute amesema nini. Akisema hapana, muungwana huacha. Na akinyamaza, kumbuka kunyamaza ni uvumilivu tu. Hakujakupa ruhusa.

Maceleb je?

Kuna zile story watu wanatunga juu ya watu halisi: msanii fulani na dem fulani, mchezaji fulani na siri yake. Dunia imeona zikilipa. Anna Todd alianza *After* kwa Wattpad mwaka wa 2013 akitumia Harry Styles wa One Direction. Ilipochapishwa 2014 jina likageuzwa likawa Hardin, na 2019 ikawa muvi.

Lakini mtu halisi si mhusika. Ana mama, ana watoto, ana kazi. Katiba inampa heshima kwa kifungu cha 28 na faragha kwa kifungu cha 31. Kifungu cha 33 kinachokupa uhuru wa kusema ndicho kinakuambia pia uheshimu jina la mwingine. Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kashfa, lakini kesi ya madai bado iko, na fidia inaweza kukuacha bila kiatu. Na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 iliandikwa ikimgusa mtu anayechapisha uongo akitaka uchukuliwe kama ukweli. Skrinshoti ya "hadithi" yako ikishatolewa kwa grupu, lile onyo lako la juu, "hii ni ya kubuni," linabaki nyuma. Kesho watu wanaisambaza kama habari.

Na kuhusu mambo ya kitandani yanayohusisha watoto, wa kweli ama wahusika wa vipindi vya watoto: hapo hakuna fanfiki, hakuna utani. Wacha kabisa.

Ni story gani ziko huru?

Kenya, hakimiliki ya kitabu inadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Piga hesabu:

- Arthur Conan Doyle, baba ya Sherlock Holmes, alifariki 1930. Miaka 50 iliisha 1980. Holmes yuko huru. Mlete Ruiru apande matatu.
- Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa hesabu ya Kenya, iliisha mwisho wa 2012.
- Muhammed Said Abdulla alifariki 1991. Bwana Msa ni wa wenyewe mpaka mwisho wa 2041.
- Ngũgĩ wa Thiong'o, mtoto wa Kiambu hii hii yetu, alifariki Mei 2025. Ni mpaka mwisho wa 2075.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni tafsiri. Shakespeare yuko huru, lakini *Juliasi Kaizari* ni maneno ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki 1999, kwa hivyo hayo maneno yanalindwa mpaka mwisho wa 2049. Wa pili ni mipaka. Uingereza wanahesabu miaka 70 badala ya 50, na intaneti haina kituo cha mpaka kama Namanga.

Ngano na visa vya jadi, kama Fumo Liyongo wa pwani, Luanda Magere wa Waluo na Wangu wa Makeri wa Murang'a, havina mwandishi mmoja. Zisimulie. Lakini Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, na jamii zina haki zao, haswa ukitaka kutengeneza pesa. Taja asili, na ukienda kibiashara ongea na wenyewe.

Na mtu akiiba fanfiki yangu?

Hii ndiyo inauma wasee wengi, na ndiyo haizungumziwi. Umeandika usiku kucha Murera, asubuhi story iko kwa grupu ingine, jina lako limekatwa, na mtu anaitisha finje kwa kila episodi.

Habari njema: kifungu cha 22 kinasema kazi haikosi ulinzi kwa sababu tu ilitengenezwa kwa kuvunja hakimiliki ya kazi ingine. Kwa Kiswahili cha mtaa: Tunu si wako, lakini sentensi zako ni zako. Huwezi kumzuia mwingine aandike kuhusu Tunu, lakini unaweza kumkataza anakili maneno yako. Weka rasimu zako na tarehe. Hakimiliki inakuja kazi ikishaandikwa, si lazima usajili, ingawa KECOBO wanasajili na cheti husaidia mkibishana.

Lakini angalia pia vile mambo yanakurudia. Ile hasira unasikia ukiona jina lako limefutwa ndiyo Pauline Kea anaweza kuisikia akiona wewe ukikusanya mbao kwa jina la Sagamoyo. Kama yako inauma, basi ya mwenzako pia inauma.

Nataka kuomoka na hii kitu. Nifanyeje?

Njia ziko, na zote ni halali.

Ya kwanza, omba ruhusa. Andikia mchapishaji, jina na anwani ziko kwa kurasa za mwanzo za kitabu. Ukikubaliwa, chukua kwa maandishi. Ukikataliwa, umepoteza barua moja tu.

Ya pili, hamisha nyumba. E. L. James alianza *Fifty Shades of Grey* kama fanfiki ya *Twilight*, kisha akaondoa mavampaya na majina, ikawa kitabu chake mwaka wa 2011, na mfululizo mzima ukauza zaidi ya nakala milioni 100. Lakini kubadilisha jina peke yake haitoshi. Ukiita Tunu "Tina" na Majoka "Makoka" na soko likabaki lile lile, hujahama, umepaka tu rangi ukuta wa mwenye nyumba. Badilisha mahali, chanzo cha ugomvi, familia na mwisho.

Ya tatu, chukua walio huru. Holmes yuko. Visa vya *Alfu Lela Ulela* viko. Kama Shaaban Robert alivivisha Kiswahili sanifu, wewe vivishe Sheng ya Thika Road.

Ya nne ni ile ya Bwana Msa. Jiulize ni nini hasa ulipenda kwa hiyo story. Kama ni msichana anayekataa kunyamazishwa na mtu mkubwa, huyo msichana yuko Murera. Pengine anapigania shamba la mamake lililouziwa watu wawili. Pengine anauza mitumba na anajua siri ya mheshimiwa wa mtaa. Huyo hana mwandishi bado. Mpe jina, na huyo hakuna mtu atakuitishia ruhusa.

Kabla uposti, pitia hii

- Mwenye kazi yu hai ama amefariki chini ya miaka 50? Basi ni yake ama ya warithi wake.
- Amesema kitu kuhusu fanfiki? Fuata alichosema.
- Umeandika maneno yako mwenyewe, ama umenakili kurasa zake?
- Umemtaja yeye na kitabu chake hapo juu kabisa?
- Unaitisha pesa? Simama. Tafuta ruhusa kwanza.
- Kuna mtu halisi anayetambulika ndani? Badilisha mpaka asitambulike, ama futa.
- Angeisoma mbele ya watu, angecheka ama angelia?

Hii ni mwanga tu, si wakili. Ukipata barua ya mawakili usiibishanie kwa komenti; itoe hiyo story mtandaoni kwanza, kisha tafuta ushauri.

Kwa hivyo, wewe wa Murera mwenye episodi kumi: zile za bure, weka jina la Pauline Kea hapo juu na umshukuru. Ile mbao, warudishie mabeste ama uiandikie barua ya ruhusa. Halafu anza episodi ya kwanza ya yule msichana wako wa shamba. Wasomaji unao tayari, na hiyo hata ukiiuza finje, hakuna mwenyewe wa kukuuliza.